Dawa ya deni ina dozi yake

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Je, inawezekana kumaliza madeni ya nyumbani wakati kila mwezi unakuja na tatizo lake jipya? Wewe ulifanyaje?" Nimesoma majibu mafupi ya wenzangu, na wengi wamesema jibu ni kujinyima. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro, mume wangu ni fundi ujenzi, tuna watoto watatu. Tulijinyima kwa nguvu zote miezi sita mfululizo, na mwisho wake deni letu likawa kubwa kuliko tulipoanza. Ndiyo maana naomba nafasi nieleze kwa kirefu.

Hatukukopa kwa anasa. Novemba 2022 upepo uling'oa mabati ya chumba cha watoto, na mvua ilikuwa imeshaanza. Mbao na misumari tulichukua kwa mkopo duka la vifaa vya ujenzi, 180,000. Fedha taslimu ya mabati na mengineyo nilikopa kwa mtu wa mtaani, 600,000. Ni ile mikopo tunayoiita kausha damu. Masharti yake yalikuwa mepesi kuyaelewa: riba asilimia 30 kwa mwezi, na mkopo wenyewe urudishwe wote kwa mkupuo. Dhamana ilikuwa kadi yangu ya benki pamoja na namba ya siri. Siku mshahara unapotoka, kijana wake anasimama kwenye mashine ya kutolea pesa akiwa na furushi la kadi zilizofungwa kwa mpira. Nilimwona kwa macho yangu. Kadi zilikuwa nyingi, na baadhi ya wenye kadi hizo nafundisha nao.

Kila mwezi alitoa 180,000, halafu mimi nikabaki na 300,000 za kuendesha nyumba. Ile 600,000 haikupungua hata shilingi moja. Mume wangu sikumwambia kuhusu kadi kwa miezi miwili. Naye, kumbe, alikuwa amechukua mikopo ya simu bila kuniambia. Tukawa tunaficha chini ya paa lile lile tulilolikopea.

Januari 2023 tuliketi tukaambiana yote. Tuliandika kwenye daftari la shule: tunadaiwa 1,410,000. Tukaapa kwamba kila shilingi inayoingia inakwenda kwenye deni. Mume wangu alipopata kazi ya ukuta, tukapeleka 150,000 kwenye kikoba, kikundi chetu cha kuweka akiba na kukopeshana, na 70,000 dukani siku hiyo hiyo. Nakumbuka tulivyolala kwa furaha usiku ule. Tarehe 28 mtoto wa mwisho akashikwa na homa saa nane za usiku, na ndani ya nyumba hapakuwa na nauli ya bajaji. Mume wangu akabonyeza simu, akakopa. Wiki iliyofuata viatu vya mkubwa vikafunguka soli. Nikarudi kikoba kuomba mkopo mwingine. Aprili tukapata msiba Turiani. Masika nayo ilikuwa imesimamisha kazi za ujenzi, kwa hiyo nauli na rambirambi zikatoka kwa mangi, mwenye duka la mtaani kwetu, ambaye alinipa hela taslimu na kuandika kwenye daftari lake chini ya unga na mafuta.

Juni tulipohesabu tena, tulikuta hivi: kausha damu 600,000, kikoba 400,000, shemeji yangu 250,000, duka la vifaa 180,000 (tulipunguza, kisha tukachukua tena saruji), mangi 87,000, simu 46,000. Jumla 1,563,000. Tumelipa miezi sita, na deni limeongezeka kwa 153,000.

Wazee wanasema dawa ya deni kulipa. Ni kweli. Lakini dawa ina dozi, na sisi tulikunywa chupa nzima kwa siku moja.

Siku hiyo ya Juni nilifanya jambo ambalo nadhani ndilo lililotuokoa, na ndilo ningependa msomaji alishike hata akisahau mengine yote. Badala ya kuandika tena orodha ya madeni, niliandika orodha ya matatizo. Nilirudi nyuma mwezi kwa mwezi, mume wangu akinikumbusha, tukaandika kila kitu kilichotutoa hela bila kukitegemea ndani ya miezi kumi na miwili. Msiba wa Turiani, 85,000. Simu ya mume wangu iliyodumbukia kwenye ndoo ya zege, 70,000. Mchango wa harusi ya binamu, 50,000. Huo nao niliuhesabu, kwa sababu kwetu mchango wa ndugu wa damu hauukwepi. Sare na viatu, 42,000. Bomba lililopasuka uani, 28,000. Bajaji ya usiku ule wa homa, kwenda na kurudi, 18,000. Tukaendelea, paa lenyewe tukaliacha kando, hadi yakafika matukio kumi na moja, jumla 612,000.

Nikagawa kwa kumi na mbili. Ikatoka 51,000 kwa mwezi.

Nilikaa nikaitazama namba ile muda mrefu. Kitu kinachokuja kila mwezi, mwaka mzima, sisi tulikuwa tunakiita dharura. Unga hatuuiti dharura. Umeme hatuuiti dharura. Lakini hiyo 51,000, ambayo ilikuwa inakuja kwa uhakika kuliko hata kazi za mume wangu, tulikuwa hatujaitengea hata senti, na kila ilipokuja tuliilipa kwa kukopa. Deni letu halikuwa linalishwa na ujinga wala uvivu. Lilikuwa linalishwa na pengo hilo moja.

Kuliziba, ilibidi kwanza kausha damu aondoke. Njia ilikuwepo tangu mwanzo, na hapa nasema jambo linaloniuma mpaka leo. Mimi ni mwanachama wa SACCOS (chama cha akiba na mikopo) ya walimu miaka mingi, nina akiba ya 300,000, na utaratibu wetu unaruhusu kukopa mara tatu ya akiba. Sikwenda kwa sababu mkopo unahitaji wadhamini wawili, na niliona aibu kuwaambia walimu wenzangu hali yangu. Mpaka Juni nilikuwa nimemlipa yule bwana riba ya miezi saba. Mara 180,000 ni 1,260,000. Hiyo ndiyo bei niliyoilipia aibu.

Nilimfuata mwalimu wa makamo, karibu anastaafu, wakati wa mapumziko. Nilikuwa nimejiandaa kujieleza. Hakuniacha nimalize. "Mwanangu, na wewe? Kadi yangu ilikaa huko miezi kumi na minne." Akasaini. Wa pili akasaini siku hiyo hiyo.

Katibu wa SACCOS ndiye aliyenifungua macho kuhusu sheria. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayefanya biashara ya kukopesha anatakiwa awe na leseni, na riba ya hawa wakopeshaji wasiopokea amana Benki Kuu imeiwekea ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Alichukua kikokotoo akanionyesha: kwa 600,000, hiyo ni 21,000. Mimi nilikuwa natoa 180,000, na sijawahi kupewa risiti hata moja. Kama kuna mwalimu, nesi au askari anayesoma hapa na kadi yake iko mikononi mwa mtu, tafadhali fanya hesabu hiyo leo.

Sasa ukaja uamuzi wenyewe. SACCOS ilikuwa tayari kunipa 600,000 kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi juu ya mkopo wote, yaani 9,000. Kwa miezi sita rejesho lingekuwa 109,000 kwa mwezi. Kwa miezi kumi na miwili, 59,000. Mume wangu alitaka miezi sita, na wenzangu wa kikoba walimuunga mkono: lipa haraka, usimpe mtu riba ya bure. Nikamwonyesha ukurasa wa matatizo. Tofauti ya marejesho hayo mawili ni 50,000 kwa mwezi, karibu sawasawa na ile 51,000 yetu. Kwa kuchagua mwaka mzima tungelipa riba zaidi ya 54,000, ndiyo. Lakini Januari tulishaona inatugharimu kiasi gani kulipa kwa pupa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi hiyo hamsini itoke kwanza, kabla ya rejesho lolote. Ikibaki mwisho haitabaki." Neno hilo ni lake, na lilikuwa la hekima kuliko hesabu zangu.

Yule bwana nilimpelekea 600,000 yake mbele ya mwenyekiti wa mtaa, tukaandikishana, nikachukua kadi, na nikaenda moja kwa moja kubadilisha namba ya siri. Mikono ilikuwa inatetemeka.

Madeni mengine nitayapitia upesi. La simu tulilimaliza kwanza ingawa ndilo dogo, kwa sababu simu ikiwa na deni kila hela inayoingia inakatwa, hata kama umetumiwa ya dawa. Mangi nilimweleza wazi: nitakupa 10,000 kila Jumamosi na nitanunua kwa taslimu, usiniandikie tena hata nikikuomba. Duka la vifaa mume wangu alililipa kwa mikono yake. Mwenye duka alikuwa anataka sakafu ya stoo, akamwekea kwa siku nne, 180,000 ikafutwa. Wanaume wengi wenye ufundi wana njia hii wala hawaifikirii, wanaona deni la hela lazima lilipwe kwa hela. La kikoba lilikatwa kwenye hisa zangu tulipovunja kikoba na kugawana Desemba, nikarudi nyumbani na 70,000 badala ya sikukuu.

Ile 50,000 tuliigawa. 20,000 inakaa nyumbani kwenye kopo la maziwa, kwa ajili ya saa nane za usiku. Iliyobaki inakwenda kwenye akaunti ya mume wangu ambayo hatukuichukulia kadi. Ukiitaka lazima uende dirishani upange foleni. Kanuni ni moja: inaguswa kwa jambo ambalo lingetupeleka kukopa, basi.

Msimu wa embe ulipoanza, mtoto wa kati akaanguka kutoka juu ya mwembe akavunjika mkono. Matibabu yalilipwa na bima ya afya, nashukuru utumishi kwa hilo. Lakini bima hailipi bajaji ya kwenda kliniki kila wiki, wala chakula cha anayesubiri nje, wala siku ambazo baba haendi kazini. Zilitoka 58,000. Nilichukua hela dirishani, nikahudumia mtoto, nikarudi darasani. Usiku ule ndipo nilipolia, kwa sababu nilikuwa nimemwuguza mwanangu bila kumpigia mtu simu ya kuomba.

Halafu zikaja mvua za El Niño. Zilianza mwishoni mwa 2023 na hazikutuachia mpaka Aprili 2024. Mume wangu alikaa wiki nzima nzima akitazama mchanga wa watu ukisombwa. Sukari ikaadimika na kupita 4,000 kwa kilo, na sisi tunaishi mkoa wa miwa, viwanda vya sukari vya Kilombero na Mtibwa vyote viko huku. Mfuko wetu ulishuka hadi 12,000. Februari hatukuweza kutenga 50,000, tulitenga 20,000. Aprili nilimwomba mangi unga wa 14,000 na yeye, licha ya makubaliano yetu, akanipa; nilimlipa baada ya siku tatu. Rejesho la 59,000 halikukosa hata mwezi mmoja. Kama lingekuwa 109,000, lingenishinda tangu mkono wa mtoto ulipovunjika, na najua ningegonga mlango wa nani.

La mwisho la SACCOS nililipa Mei 2024.

Limebaki la shemeji, na hilo naomba nilisemee, kwa sababu madeni ya ndugu hayana riba lakini yanakata mahali pengine. Alikuwa ametukopesha 250,000, na kwa mwaka mzima mume wangu alikuwa hapokei simu zake. Mdogo wake wa tumbo moja. Kila jina lilipotokea kwenye kioo, simu iliachwa ilie. Mimi ndiye niliyempigia, nikamwambia hatuna, na nikamweleza foleni aliyomo na kwa nini amewekwa nyuma. Akanyamaza, kisha akasema: "Shemeji, mimi sililii hela. Nalilia kimya chenu." Nikampa mume wangu simu, nikatoka nje. Walizungumza mpaka salio likaisha.

Tulianza kumlipa Juni, 30,000 kila mwezi, na mfuko wa matatizo unaendelea kutengwa kabla yake kama kawaida. Anatudai 160,000. Ya mwezi huu ameshaipata.