Maswali ya Wasomaji: Misafara ya Baiskeli ya Bure Mjini Malindi

SWALI: Bwana Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu, na makazi yangu ni Maweni, Malindi. Mwezi uliopita nilianza kuwatembeza watu mjini kwa baiskeli kila Jumamosi bila kutoza hata shilingi, ili vijana waijue historia ya mji wao. Jumamosi ya kwanza tulikuwa 22. Tulitoka sokoni saa 3:00 asubuhi, tukafika Nguzo ya Vasco da Gama, yule baharia Mreno, kwa dakika chache tu, ingawa wenzetu kadhaa walituacha njiani, kisha tukaendelea hadi magofu ya mji wa kale wa Gede na kurudi. Jumamosi ya pili walikuja 9, na ya tatu walikuja 4. Jirani zangu wanasema cha bure hakithaminiwi, na kwamba nikitoza shilingi 200 watu watakuja. Je, ni kweli?
*Mwalimu mstaafu, Maweni*

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Ada si dawa ya jambo hili, na ninakusihi usiitoze. Kule Bogotá, mji mkuu wa Colombia, tangu mwaka 1974 barabara kuu hufungiwa magari kila Jumapili kuanzia saa 1:00 asubuhi hadi saa 8:00 mchana, na zaidi ya kilomita 120 huachiwa waendesha baiskeli na waenda kwa miguu bila malipo. Nusu karne imepita, na watu bado wanakuja. Hapa kwetu, Nairobi, wako wanaokutana Jumamosi ya mwisho ya mwezi kwa msafara wa baiskeli uitwao Critical Mass, desturi iliyoanzia San Francisco mwaka 1992, nao hawatozwi kitu. Kinachomrudisha mtu ni namna alivyoangaliwa siku ya kwanza.

Umeandika kwamba wenzenu kadhaa waliwaacha njiani. Uniwie radhi, Mwalimu, lakini ninavyoona mimi, ninyi ndio mliowaacha. Nami niliwahi kuwa mtu huyo wa nyuma. Nilijiunga na msafara wa namna hii miaka kadhaa iliyopita, tairi langu la nyuma likapata pancha tulipokuwa tumetoka tu mjini, na nilipoinua kichwa baada ya kuikagua tairi ile, barabara mbele yangu ilikuwa tupu. Niliisukuma baiskeli hadi kwa fundi, na jua lilikuwa limekwisha kuwa kali. Hakuna aliyekuwa amenifanyia ubaya, kwani hawakujua kabisa kwamba nimebaki. Lakini sikurudi tena Jumamosi iliyofuata, wala ile iliyofuata hiyo.

Kwa hiyo tafuta kwanza mtu wa kufunga msafara, kabla hujatafuta kingine chochote. Awe mtulivu, ajue kuziba pancha, na mkobani mwake muwe na pampu, viraka, gundi na spana. Kazi yake ni moja tu, kwamba asimpite yeyote hata akishuka kufunga kamba za viatu. Wewe uliye mbele uende kwa mwendo wa yule aliye dhaifu kuliko wote, na kila mfikapo njia panda msimame, mhesabiane, ndipo mpinde. Watu 22 ni wengi mno kwa kiongozi mmoja. Wakizidi 12, wagawanye makundi mawili, kila kundi na kiongozi wake na mfungaji wake. Kabla hamjaondoka, pita kwa kila baiskeli uibonyeze tairi kwa kidole gumba, ukamate breki zote mbili, na uutazame mnyororo kama umelegea. Jambo hili halichukui hata dakika moja kwa baiskeli moja, na huokoa asubuhi nzima.

Saa 3:00 pia ni kuchelewa kwa pwani yetu. Tokeni saa 12:30 asubuhi, wakati tuktuk na bodaboda bado ni chache. Gede iache kwa mwezi mwingine na kwa wale waliozoea, kwa sababu ni kilomita zipatazo 15 kwenda tu, tena kwa barabara ya Mombasa yenye matatu na malori, na mgeni wa baiskeli hapaswi kujifunzia huko. Mjini peke yake mna asubuhi nzima ya mambo: makaburi ya nguzo kando ya Msikiti wa Juma, kanisa dogo la Wareno, kisha ile Nguzo ya Vasco da Gama ukingoni mwa bahari. Ziara yote haizidi kilomita 10. Wazee wetu wa majahazi waliupangia safari upepo, nasi tufanye vivyo hivyo: wakati wa kusi, upepo utokao kusini, anzeni kwa kuelekea kusini, Casuarina, ili waliochoka warudi upepo ukiwa mgongoni, na wakati wa kaskazi, upepo utokao kaskazini, anzeni kaskazini, upande wa Sabaki.

Kuhusu historia, wasimulie hata yale yasiyoandikwa kwenye vibao. Kabla ya Mreno yeyote kufika, mwaka 1415, twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa China, na kisa hicho watoto hukipenda mno. Vasco da Gama alitia nanga hapa Aprili 1498, na mfalme wa Malindi akampa rubani wa kumvusha hadi Calicut, India. Usiwaambie kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, baharia Mwarabu mashuhuri, kana kwamba limethibitika, kwa kuwa wanahistoria wengi wanalikataa. Na kwa kuwa maeneo haya yako chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na yana kiingilio, watangazie watu mapema kwamba msafara ni bure lakini tiketi ya kuingia ni yao, asije mtu akaaibika mlangoni.

SWALI: Ningependa kujiunga, lakini mimi huvaa buibui, na mara ya mwisho kupanda baiskeli nilikuwa msichana. Naogopa kuanguka mbele za watu.
*Mama wa watoto watatu, Shela, Malindi*

JIBU: Dada yangu, hofu yako ina msingi, kwa kuwa pindo likishikwa na mnyororo huvutwa ghafla na baiskeli husimama papo hapo. Tafuta baiskeli ya kike, ile ambayo chuma chake cha mbele kimeinama, yenye kifuniko cha mnyororo. Vaa suruali pana ndani, kisha ukusanye buibui na ulifunge kwa ukanda upande wa kushoto, kwa sababu mnyororo uko kulia. Ncha za mtandio nazo zichomekwe ndani. Teremsha kiti mpaka nyayo zako zote mbili zikanyage chini ukiwa umekaa, ujizoeze katika uwanja wa shule jioni chache. Mwalimu wa Maweni, ukilisoma jibu hili, tenga Jumamosi moja kwa mwezi kwa akina mama, na anayefunga msafara siku hiyo awe mwanamke.

SWALI: Je, twaweza kuanzisha msafara kama huu katika Mji wa Kale wa Lamu?
*Kijana wa Mkomani, Lamu*

JIBU: Kwa baiskeli, hapana. Mji huo, ulio katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, ulijengwa kwa ajili ya miguu ya watu na punda, na vichochoro vyake vingine ni vyembamba kiasi kwamba watu wawili hupishana kwa kugeuka ubavu. Anzisheni msafara wa miguu, wa bure vilevile, wenye kiongozi mbele na mfungaji nyuma. Kutaneni mbele ya ngome alfajiri, muwe wachache, na punda mwenye mizigo akija, msafara mzima ujibane ukutani mpaka apite.