Ni nani aliyeuawa, mwigizaji au mhusika?

SWALI: Mwalimu, hapa Shabab, Nakuru, tuna kawaida yetu kwa kinyozi: kila Jumatatu jioni lazima tamthilia ya upelelezi iliyoonyeshwa jana yake ichambuliwe, nani kamuua nani na nani kaigiza vizuri. Juzi mwenzetu mmoja alikuwa Kisumu, akakosa kuitazama. Tukamwandikia: "Muigizaji mkuu ameuwawa kwa episodi ya jana." Akapiga simu karibu alie, akidhani yule dada mwenyewe ameaga dunia. Tulipomweleza akatukaripia, akasema sentensi yetu ni makosa matupu tangu neno la kwanza. Sasa kuna anayesema ni mwigizaji, kuna anayeshikilia ameuliwa, na mwenye kinyozi anasema tuandike tu staringi yaishe. Halafu kuna ubishi mwingine: mume wa marehemu tumwite mhalifu, mshukiwa au mtuhumiwa? Tuamulie.

JIBU: Nianze na huyo wa Kisumu, maana yeye hakukosea kusoma. Sentensi mliyompelekea inasema waziwazi kwamba binadamu mwenye kitambulisho, kodi ya nyumba na mama yake mzazi ameuawa. Mwigizaji ni mtu na kazi yake, sawa na dereva au fundi. Akishapigwa risasi mbele ya kamera anainuka, anafutwa ile damu ya rangi, anakwenda zake. Anayebaki chini ni mhusika.

Neno mhusika kila aliyefika kidato cha nne nchini Kenya amelisikia hadi likamchosha. Karatasi ya tatu ya Kiswahili katika KCSE, ile ya Fasihi, haiishi kuuliza sifa za fulani na umuhimu wake katika kazi. Ajabu ni kwamba tukitoka kwenye chumba cha mtihani tunaliacha humo humo, kana kwamba lilikuwa mali ya baraza la mitihani. Tukikaa mbele ya runinga kila mtu anakuwa "muigizaji": aliyeigiza, aliyeigizwa, hata maiti iliyofunikwa shuka.

Chukueni mfano wa Crime and Justice, tamthilia ya polisi wa Nairobi iliyoanza kuonyeshwa Showmax mwaka 2021. Sarah Hassan ni mwigizaji, Makena ni mhusika. Alfred Munyua ni mwigizaji, Silas ni mhusika. Mkitaka kuwaunganisha, semeni Sarah Hassan anaigiza nafasi ya Makena, au kwa ufupi zaidi, anamwigiza Makena. Kwa hiyo mnaweza kusema Makena alikosea kumwamini shahidi lakini Sarah Hassan alilicheza kosa hilo vizuri, na hakuna atakayechanganyikiwa. Lawama zinamwendea mhusika, sifa zinamwendea mwigizaji. Nadhani nusu ya ubishi wa hapo kwa kinyozi ungekwisha kwa hilo tu, maana wapo watu wanaomchukia mwigizaji mwezi mzima kwa dhambi aliyoandikiwa na mtunzi.

Lugha yenyewe imewapa njia nyingine ya kuwatenga wawili hao, nayo ni kitenzi cha kifo. Binadamu wa kweli akituacha, adabu inatutaka tuseme amefariki, ameaga dunia, ametutoka. Mhusika hana jamaa wa kuumia, hivyo twasema amekufa au ameuawa, basi. Ndani ya hadithi mambo ni tofauti: mjane wake atasema mume wangu alifariki, kwa kuwa kwake yeye ni mtu kweli. Ila nyinyi mlioko nje mkianza kusema "Inspekta amefariki", msishangae mtu akiuliza matanga yako wapi.

Lakini nisimlaumu sana aliyeandika, kwa sababu sisi Wakenya tuna desturi ya zamani ya kumvalisha mwigizaji jina la mhusika hadi lake la kuzaliwa lisahaulike. Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mgĩkũyũ. Nchi nzima ilimjua kwa jina la Kijaluo, Mzee Ojwang'. Mary Khavere, aliyekuwa mkewe katika maigizo, kwa wengi ni Mama Kayai. Na huko upande wa magharibi, Charles Bukeko alipofariki Julai 2020 na kuzikwa kwao Busia, watu walimlilia Papa Shirandula, yule bawabu wa kipindi kilichoanza Citizen mwaka 2007. Hapo "Papa Shirandula amefariki" ilikuwa sentensi sahihi, kwani jina lilikuwa limekwisha kuwa lakabu ya mtu. Aliyesoma ujumbe wenu kule Kisumu amelelewa katika desturi hiyohiyo. Ndiyo maana alishtuka.

Sasa umbo la neno. Ni mwigizaji. Kiambishi cha umoja katika ngeli ya A-WA asili yake ni mu-, na u hiyo ikikutana na irabu nyingine hugeuka w: mwalimu, mwenzi, mwimbaji, mwindaji. Hakuna anayesema muizi, muisho wala muiba, sasa mwigizaji amekosa nini hata anyimwe w yake? Najua magazeti ya Tanzania yamejaa "muigizaji", na hapa kwetu pia inaandikwa kila siku. Wala si neno la kumfanya mtu asieleweke. Lakini mkiniuliza lililo sanifu, hilo ndilo jibu. Penye mvutano wa kweli ni kwenye majina ya watu wa dini na mataifa, ambako Muislamu na Mwislamu, Muitaliano na Mwitaliano, yote yana watetezi wake. Mwigizaji hayumo. Limetokana na iga, likawa igiza, likawa mwigizaji, na safari yote hiyo ni ya Kibantu.

Wingi wake ni waigizaji, na hapa kuna jambo ambalo wapenzi wa tamthilia za uhalifu wanapaswa kulifurahia. Mwizi, ambaye naye ana mwi- kama mwigizaji, wingi wake si waizi bali wezi. Kwa nini a na i ziungane kuwa e kwa mwizi, zikatae kwa mwigizaji? Muungano huo ni wa kale. Ndio uliozaa wengi, wengine na meno. Mwizi aliingia humo mapema akaganda. Lakini majina ya watendaji yenye -ji mwishoni hulinda kitenzi chake kisifichike: imba ionekane ndani ya waimbaji, igiza ionekane ndani ya waigizaji. Wembaji hawapo. Wegizaji hawapo pia, na Mungu atuepushe.

Kuhusu mkuu sina ugomvi. Mhusika mkuu ni istilahi iliyokomaa, na mwigizaji mkuu ni yule anayemwigiza mhusika mkuu. Wala staringi la mwenye kinyozi silidharau. Neno hilo tulilichota kwenye maandishi ya Kiingereza yanayotangulia majina ya waigizaji filamu inapoanza, tukalifanya jina la shujaa mwenyewe, na wasimulizi wa filamu wa vibanda vya video, akina DJ Afro, wakalitia maisha. Linachekesha kwa kuwa limewameza wote wawili, mwigizaji na mhusika, kwa pigo moja. Tatizo ni kwamba lina kanuni yake, ambayo kila mtoto aliyelipa shilingi zake kuingia kibandani anaijua: staringi hafi. Kwa hiyo mngeandika "staringi ameuawa", mwenzenu asingelia, ila asingewaamini.

Tufike kwenye ameuwawa, ambapo mmekosea kikamilifu. Kitenzi ni ua. Kauli yake ya kutendwa ni uawa. Kwa hiyo ameuawa: w ni moja tu, nayo ni ile ile iliyomo katika pigwa na fungwa. Ile w ya kwanza mliyoichomeka baina ya u na a ni kazi ya mdomo, maana ulimi ukitoka u kwenda a hupitia kitu kinachofanana na w. Sikio linaisikia, kidole kinaiandika. Ndiyo hiyohiyo inayowafanya watu waandike "mtoto amekuwa" wakimaanisha ameongezeka kimo, na kuandika "ameuwa" badala ya ameua.

Na huyo wa ameuliwa? Yeye simwiti mkosaji. Amefuata njia kuu: nunua hutoa nunuliwa, chukua hutoa chukuliwa, fua hutoa fuliwa, basi ua naye atoe uliwa. Kanuni inamuunga mkono. Mazoea ya maandishi sanifu ndiyo yanayomkana, kwa kuwa yameishika uawa. Pia aangalie simu yake. Akiiruka u moja kwa haraka atabaki na "ameliwa", na hiyo tena itakuwa habari ya simba wa Tsavo.

Lakini a ya uawa imetoka wapi, ikiwa wenzake wote wana li? Jibu si lazima mlitafute mbali na hapo mlipo. Muulizeni yeyote kati yenu anayezungumza Gĩkũyũ neno la kuua ni lipi. Atawaambia ũraga. Wadigo wa Kwale husema olaga. Hao ni ndugu wa ua, ila wao wamehifadhi kiwiliwili chote. Kiswahili kilidondosha konsonanti za katikati kikabaki na irabu, na zile irabu zikabanana. Katika ua hamwezi kuona kilichopotea. Mkilitia w ya kutendwa, a ya zamani inachungulia tena: u-a-w-a. Kwa hiyo uawa haikukiuka kanuni kwa ukaidi. Inafuata kanuni ya neno lilivyokuwa kabla halijakatwa.

Aliyeua ni muuaji. Mkifungua Biblia ya Union, iliyotoka 1952, mtakuta mwuaji, na wazee waliosomea humo wataandika hivyo bila kutetereka. Siku hizi u ikikutana na u nyingine huachwa ilivyo: muuaji, muuzaji, muuguzi, alimuua, alimuuliza. Msiwasahihishe wazee.

Limebaki lile neno dogo kuliko yote, nalo ndilo linaloniudhi zaidi: kwa. Sisi wa bara tumelipa kazi isiyo yake. Tunasema iko kwa meza, ameingia kwa nyumba, nimekiona kwa gari. Kwa hutaja mahali pakiwa pa mtu: kwa mama, kwa daktari, kwa kinyozi. Hapo mpo sawa kabisa. Likifuatwa na kitu, mara nyingi hutaja chombo kilichotumika, na katika hadithi za mauaji tofauti hiyo si mchezo. "Aliuawa garini" maana yake alikuwa ndani ya gari alipouawa. "Aliuawa kwa gari" maana yake gari ndilo lililotumika kumuua. Hizo ni kesi mbili, na kachero anayezichanganya atamkamata dereva asiye na hatia. Tazameni sentensi hii: aliuawa na shemeji yake kwa kisu jikoni. Na imemshika mtenda, kwa imeshika silaha, -ni imeshika mahali. Mtu mmoja mwenye sarufi nzuri angeweza kuifunga kesi hiyo kabla ya matangazo ya biashara.

Basi iwe "katika episodi ya jana". Kuhusu episodi lenyewe sitawasumbua. Limekwisha kukaa katika ngeli ya I-ZI, episodi hii, episodi hizi, na halina tabu. Sehemu pia ni zuri. Kipindi ningekiepuka hapo, kwa kuwa kinaweza kumaanisha programu nzima. Na zile episodi za mwaka mmoja kwa pamoja ni msimu. Mngemwandikia hivi asingepiga simu: "Mhusika mkuu ameuawa katika episodi ya jana." Ingawa angeweza bado kuwakasirikia kwa kumharibia utamu.

Tumalizie na mume wa marehemu. Mshukiwa limetokana na shuku, mtuhumiwa limetokana na tuhumu; Kenya tunaelekea zaidi la kwanza, Tanzania la pili, na yote yamesimama sawa. Akifikishwa mahakamani akasomewa shtaka anakuwa mshtakiwa, neno ambalo vizazi vya Wakenya vililizoea kupitia Vioja Mahakamani ya KBC. Mhalifu hawi mpaka hakimu au jaji amtie hatiani, na hilo si langu tu: Ibara ya 50 ya Katiba ya 2010 inamhesabu kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Kwa jinsi mlivyonieleza, kufikia Jumatatu hiyo huyo bwana hata pingu hajatiwa. Mwiteni mshukiwa, na yule anayemwigiza mwacheni anyolewe kwa amani akipita Nakuru.