Baada ya Kipaimara, Binti Anabaki na Nani?

Katika usharika wetu wa Kilutheri hapa Morogoro, mafundisho ya kipaimara huchukua takriban miaka miwili, na siku ya ibada yenyewe kanisa hujaa wazazi, maua na wapiga picha. Wiki chache baadaye, binti yuleyule aliyekariri Amri Kumi pamoja na maelezo yake hana tena darasa la kuhudhuria, wala hakuna anayeuliza kwa nini Jumapili hakuonekana. Idara ya wanawake haijawa mahali pake bado, kwa kuwa wengi wetu tunaihesabu kuwa ya walioolewa, na kwaya ya vijana humfundisha kuimba. Pengo hilo, linaloanza akiwa na umri wa miaka 14 au 15 na kuendelea mpaka aolewe au ahame, ndilo lililonipeleka kwa mchungaji miaka 11 iliyopita kuomba ruhusa ya kuwalea mabinti.

Nilianza vibaya. Kwa miaka miwili niliandaa semina: nilialika wanenaji, nikachapisha ratiba, na mabinti zaidi ya 60 wakaketi kwenye mabenchi wakiandika madaftarini mambo ya usafi wa moyo, uchumba na kumtegemea Mungu. Mmoja wao, wa kidato cha tatu, aliandika kuliko wote. Alikuwa amepanga geto na mwenzake karibu na shule, kama wafanyavyo wanafunzi wengi wa shule za kutwa ambao kwao ni mbali, na siku niliyokwenda kumjulia hali kwa sababu ya homa nilikuta ndoo ya unga ikiwa tupu na kuelezwa, baada ya kimya kirefu, kwamba kodi ya miezi miwili ilikuwa imelipwa na kijana wa bodaboda ambaye sasa alitaka fadhila yake irudishwe. Alikuwa amehudhuria kila semina yangu, na hakuna hata moja iliyompa nafasi ya kulisema jambo hilo, maana katika semina anayesema ni mmoja.

Kodi ile tuliirudisha, akina mama watatu tukichanga, na semina nikaziacha. Mimi ni fundi cherehani, hivyo niliwachukua mabinti saba tu, nikawaomba waje chumba changu cha kazi kila Jumamosi alasiri, na tukaanza kushona taulo za kike za kitambaa, kwa kuwa nilikuwa nimegundua kwamba baadhi yao hukosa shule siku kadhaa kila mwezi kwa kukosa hitaji hilo. Kila mmoja hujishonea sita, flaneli ndani na kitambaa kizito chini, na vifungo vya kubana pembeni. Ndipo nilipojifunza jambo ambalo ningependa kila mlezi alijue: binti anayetazamwa usoni na mtu mzima huinamisha kichwa, lakini binti ambaye macho yake yako kwenye pindo analolipiga husema mambo mazito kwa sauti ya kawaida kabisa. Tunasoma Neno, ndiyo, sura moja, na tunaomba, lakini sikulazimishi wewe unayetaka kuanza utumie cherehani. Chambueni mboga, sukaneni nywele, ilimradi mikono iwe na kazi na saa zisihesabiwe.

Nikisoma sura ya kwanza ya Injili ya Luka sasa, naona kitu ambacho sikukiona nilipokuwa nikiandaa ratiba. Mariamu, akiwa na habari ambayo ingeweza kumharibia uchumba na jina, alikwenda kwa haraka nyumbani kwa Elisabeti, mwanamke mzee kuliko yeye, ambaye hakuanza na maswali bali alianza na baraka, na Mariamu akakaa naye kadiri ya miezi mitatu. Elisabeti naye alikuwa na mimba yake ya kushangaza. Wala hili si geni kwetu, kwa maana wazee wa pwani walimpa kila mwali somo, mtu mzima mmoja aliyejulikana kuwa wake. Askofu Vincent Lucas wa Masasi, aliyekuwa askofu huko kuanzia 1926 hadi 1944, aliona heri kuyaingiza mafundisho ya jando ndani ya kanisa kuliko kuyafuta. Mahali pengi sisi tulikataza unyago, na yamo mambo yaliyostahili kukatazwa, lakini hatukumweka mtu yeyote katika nafasi ya somo.

Kuhusu siri lazima niseme kwa urefu, kwa sababu hapa nilikosea kwa namna ambayo bado inaniuma. Binti wa miaka 16 aliniambia kwamba mtu mzima aliyeheshimika miongoni mwetu alikuwa akimshika mwili kila alipotumwa kwake. Nilikuwa nimewaahidi mabinti kwamba kila kinachosemwa chumbani kwangu hakitoki. Nilikaa na neno lile wiki mbili, kisha nikalipeleka kwa wazee wa kanisa, nao wakashauri jambo limalizwe ndani ili kanisa lisiaibike. Wiki nyingine mbili zikapita. Hatimaye mimi na shangazi yake tulikwenda naye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, na huko askari wa kike akamsikiliza vizuri, lakini mwezi mzima alikuwa ameubeba peke yake huku sisi tukiangalia heshima yetu.

Tangu wakati huo namwambia kila binti siku ya kwanza kabisa, kabla hajafungua kinywa, kwamba siri zake nitazitunza isipokuwa uhai au mwili wake ukiwa hatarini, na kwamba hapo nitakwenda naye mahali pa msaada. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yenyewe inamtaka mwanajamii atoe taarifa kwa serikali za mitaa, na namba 116, simu ya msaada kwa watoto, hupigwa bure. Hakuna binti aliyenikimbia kwa kuambiwa hivyo. Kinyume chake, wanaamini zaidi mtu anayesema mapema atafanya nini.

Tazama pia miezi baada ya mtihani wa kidato cha nne. Mtihani huwa Novemba, matokeo Januari, na kidato cha tano huanza Julai, na katika muda huo mrefu ndipo binti huchukuliwa kwenda mjini kufanya kazi za ndani kwa mtu asiyemjua. Kwa miezi hiyo mimi huongeza siku ya pili ya kushona.

Anapoondoka kwa masomo au kazi, usimuage kwa maombi pekee. Mwaka jana mmoja wetu alipangiwa chuo Njombe, na kabla hajapanda basi nilikuwa nimempigia simu mchungaji wa huko, naye akanipatia mama mmoja muuza mbogamboga. Basi lilichelewa, likaingia stendi usiku, na mama huyo alikuwa pale na koti la ziada mkononi kwa sababu ya baridi.