Jibu: Paka amezaa, na kuna dume na jike mwingine ndani

Ndugu, umeuliza kama dume na yule jike mwingine wanaweza kubaki chumba kimoja na paka aliyezaa juzi. Hapana, watenge leo hii. Mpe mama chumba chenye mlango unaofungika kabisa. Pazia au kiti cha kuzibia havitoshi. Weka boksi lenye ukingo wa sentimita 15 hivi: mama aruke bila shida, vitoto visitambae nje, maana kitoto kikipoa hakinyonyi vizuri na maziwa hayasagiki tumboni. Chakula, maji na sanduku la mchanga viwe humo humo, mchanga ukae mbali na chakula.

Hatari si vitoto kung'atwa tu. Mama akinusa dume mlangoni huingiwa na wasiwasi, akaanza kuvihamisha vitoto kwa mdomo hadi nyuma ya makabati, na huko vingine hupata baridi vikafa. Tena dume asiyehasiwa anaweza kumpa mimba nyingine angali ananyonyesha. Nawa mikono kila ukitoka kushika paka wengine.

Mama na vitoto wasikutane na paka hao kabla vitoto havijafika wiki ya 8, chanjo ya kwanza ikiwa imeshatolewa, na wewe uwepo hapo.