"By Friday" siyo sawa na "until Friday"

Wengi huuliza kama kwa Kiingereza "by Friday" na "until Friday" ni kitu kimoja. Hapana, ukiambiwa "submit by Friday" maana yake ikifika Ijumaa iwe imeshafika, hata ukituma Jumatano ni sawa kabisa, haimaanishi uendelee kutuma mpaka Ijumaa, hiyo ndo "until". Tunachanganya kwa sababu Kiswahili neno "mpaka" au "hadi" linabeba zote mbili, nafanya kazi ya kutafsiri na hili kosa nakutana nalo kila mara. Jipime hivi: ukiweza kusema "ifikapo Ijumaa" basi ni by, ukiweza kusema "kuendelea mpaka Ijumaa" ni until, mfano "I'm here until Friday", yaani nipo tu mpaka siku hiyo.

Pa kuwa makini zaidi ni kwenye ukanushi. "I won't finish by Friday" ni Ijumaa itafika sijamaliza na hujui nitamaliza lini, lakini "I won't finish until Friday" ni kwamba kabla ya hapo sahau ila Ijumaa ndo namaliza. Zinafanana ila mtu anaweza kukusubiri bure.

Na Ijumaa yenyewe kwa kawaida imo ndani, ila kwa mkataba bora iandikwe "on or before" pamoja na saa, maana wapo wanaobishana. Zile by zingine (by bus, written by, by the door) hazina uhusiano na hii, hizo ni "kwa", "na" na "karibu na".