Mpe DJ mgongo

Msichana alianguka hatua mbili kutoka nilipokuwa nimesimama, na aliyekuwa mbele yake hakugeuka. Saa nane na nusu usiku, Dar es Salaam, klabu sitaitaja. DJ mgeni tuliyemsubiri mwezi mzima ndiyo kwanza alikuwa amepanda. Ukumbi mzima tulielekea upande mmoja kama abiria kwenye basi, simu juu, na mimi nikiwemo. Nilijua kuna mtu chini kwa sababu kiganja chake kilinigusa kifundo cha mguu. Tulimbeba wawili, mimi na kijana aliyekuwa akikusanya chupa, tukamtoa nje kwenye hewa. Lilikuwa joto tu, na kutokula tangu mchana. Alikunywa maji, akakaa, akazinduka vizuri. Alikuja na wenzake wanne. Walikuwa mistari miwili mbele yake, na walijua hayupo baada ya nusu saa nzima, walipotaka kupiga picha ya pamoja.

Sikuwalaumu sana. Mimi mwenyewe kama si ule mkono ningemkanyaga.

Nimecheza muziki kwa zaidi ya miaka ishirini, na kabla ya usiku ule nilidhani adabu za ukumbini ni orodha ya mambo: usisukume, usimwage kinywaji, usishike mtu. Sasa naamini zote zinatoka kwenye jambo moja, yaani watu kuonana. Mtu anayekuona usoni hakukanyagi. Anayekuona hakushiki ovyo, na ukianguka anainama. Ukumbi mzima ukigeuzwa umtazame mtu mmoja mwenye visikilizio shingoni, hakuna tena anayemwona mwenzake, na hapo ndipo ustaarabu unapopotea, hata kama kila mmoja wetu kalelewa vizuri nyumbani.

Mjomba wangu alikuwa mpenzi wa Sikinde, ile bendi ya dansi ya Mlimani Park iliyoanzishwa 1978. Alipokuwa akinifundisha kucheza sebuleni kwake Magomeni, alinipa sheria moja kabla ya hatua yoyote ya mguu: ukimtoa mtu kitini, umrudishe kitini. Yaani umemwomba dansi, mmecheza, wimbo umekwisha. Usimwache katikati ya sakafu kama kreti tupu. Unamsindikiza hadi alipokuwa amekaa, unamshukuru, unaondoka. Enzi hizo watu waliwapenda wanamuziki kupita kiasi. Kina Muhidin Gurumo na Hassan Bitchuka walikuwa na mashabiki walioweza kununiana wiki nzima kwa sababu yao. Lakini chemko likiingia, yaani sehemu ya wimbo inayochangamka, magitaa yakianza kuitana, shabiki alimgeukia aliyekuwa naye. Mapenzi kwa mwimbaji yaliishia kwenye miguu ya mwenzi wake.

Kwenye taarabu ni hivyohivyo, tena kwa ufundi zaidi. Mgeni akimwona mama ananyanyuka na noti, anakwenda mbele kwa madaha kumtunza mwimbaji, anaweza kufikiri anamsujudia. Mara nyingi sivyo. Amengoja beti fulani, na beti hiyo ina mtu wake humo humo ukumbini, aliyeketi meza ya tatu na anajua anaambiwa yeye. Mwimbaji ni mpeleka ujumbe, na pesa ile ni shukrani ya kazi hiyo. Kinachoendelea hasa kiko kati ya watu waliokuja.

Hata huko ulikozaliwa utamaduni huu wa klabu, DJ hakuanza kama mfalme. David Mancuso alianza kualika watu nyumbani kwake New York mwaka 1970, mahali palipokuja kuitwa The Loft. Hakuuza pombe. Alijiita mwenyeji wa muziki, si DJ, na baadaye aliacha hata kuunganisha nyimbo, akawa anauacha kila wimbo uchezwe mpaka mwisho wake kama alivyoutaka aliyeutunga. Miaka mitatu baadaye, huko Bronx, kijana mwenye asili ya Jamaika aliyejiita Kool Herc aligundua kwamba wachezaji wake wanasubiri kile kipande kifupi ambapo sauti zinanyamaza na kubaki ngoma tupu. Akachukua nakala mbili za sahani moja ya santuri, akawa anakirudia kipande hicho kutoka moja kwenda nyingine ili kisiishe. Hiphop ilichipuka hapo. Naipenda habari hiyo kwa sababu DJ ndiye aliyekuwa akiangalia. Ugunduzi wake mkubwa aliuokota miguuni mwa watu.

Sasa tumegeuza. Binamu yangu anapiga muziki Kinondoni na Sinza, kazi yake ya mwaka wa tisa huu, na siku moja nilimuuliza kwa nini siku hizi haachi wimbo ufike hata dakika moja na nusu. Akaniambia kitu ambacho sijakisahau: "Dada, simu zikiwa juu mimi sioni watu, naona taa. Sijui nani anacheza na nani kachoka. Kwa hiyo napigia zile taa." Na taa zinataka tukio kila baada ya sekunde ishirini: muziki ukatwe, apige kelele kwenye maiki, mikono juu, ulipuke tena. Video inatoka nzuri. Mchezaji aliyekuwa ndiyo kwanza anaupata wimbo, kiuno kimeanza kulainika, anakatwa. Baada ya mara tano anaacha kucheza, anatoa simu naye. Ndivyo kumtukuza DJ kunavyomharibia DJ kazi yake, na yeye hawezi kulisema hilo mbele ya watu waliolipa kiingilio kumwona.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni wa mwili: ukifika sakafuni, mpe DJ mgongo, au angalau bega. Simdharau. Mpishi humwonyeshi heshima kwa kukodoa macho jikoni, unamwonyesha kwa kula. Geukia uliokuja nao, fanyeni duara. Kama umekuja peke yako, nenda kwenye robo ya nyuma ya sakafu, upande mmoja wa katikati. Huko kuna nafasi, sauti ya spika zote mbili inakufikia vizuri kuliko mbele chini ya jukwaa, na huko ndiko wanakokaa wanaojua kucheza. Siku za kwanza utajiona wa ajabu. Wimbo wa tatu utakuta mtu mmoja amegeuka nawe, kisha wawili.

Fika mapema. Saa nne usiku, sakafu ikiwa nusu tupu, yuko DJ wa kufungua ambaye jina lake limeandikwa kwa herufi ndogo chini kabisa ya tangazo. Huyo ndiye anayefanya kazi ngumu kuliko wote: anatakiwa awapashe watu joto bila kuwachosha, bila kutumia vibao ambavyo mkubwa wake atavihitaji. Muziki mzuri niliousikia katika klabu za Dar nimeusikia saa hizo. Mchezee huyo. Mshukuru akishuka, maana atakuwa amesimama peke yake pembeni anakunja nyaya.

Kuhusu kuomba wimbo. DJ akiwa na kisikilizio sikio moja, sikio lile lina wimbo unaofuata na lingine lina unaopigwa, na kichwani anahesabu. Ukimgusa bega wakati huo umemgusa mama lishe mkono akimimina mafuta ya moto. Subiri wimbo mpya uingie, avue kisikilizio. Taja jina moja, mara moja, ondoka, na usimwonyeshe kioo cha simu yako usoni. Asipoupiga, ana sababu zake. Usiweke glasi kwenye meza yake hata kwa sekunde, kwa sababu bia ikiingia kwenye mashine ile itaiharibu, na wengi wao wameikodi. Na kumpa pesa akatize wimbo ambao watu mia mbili wanaucheza ni kuwaibia watu mia mbili. Ukitaka kumtunza, mtunze mwishoni.

Sasa la kugusana, na hapa naomba kaka zangu mnisome taratibu. Usimjie mtu kwa nyuma. Hakuna mazingira ambapo hilo ni sawa kwa mtu usiyemjua, hata awe anakata mauno namna gani. Anayakata kwa ajili ya muziki. Njoo mbele, aone sura yako, cheza kwa umbali wa mkono ulionyooshwa, umwangalie machoni mara moja. Akitabasamu na kubaki, cheza. Akigeuza bega, jibu umepewa, na halihitaji maelezo wala kurudiwa baada ya nyimbo mbili. Nimezeeka kidogo sasa, hawanisumbui kama zamani, lakini nakumbuka vizuri jinsi mkono wa mtu usiyemjua unavyokuharibia usiku mzima, na wiki inayofuata unavaa suruali ya jinzi katika joto la Desemba kwa sababu ya mkono huo.

Na wewe unayeona, usikae kimya. Mimi huwa siendi kugombana. Naingia katikati nikicheza, namshika dada mkono, namwambia, "Mdogo wangu, nilikuwa nakutafuta," namvuta kwenye duara letu. Asilimia kubwa inaishia hapo. Jamaa akifuata, namwita baunsa kwa mkono, hadharani. Lakini nitaona vipi kama macho yangu yote yako jukwaani?

Simu. Chukua video yako moja ya kumbukumbu, ya sekunde kumi, simu ikiwa usawa wa kifua ili wa nyuma asizibwe, kisha irudishe mfukoni. Usimrekodi mtu anayecheza bila kumwuliza. Mfanyakazi mwenzangu alirekodiwa akicheza kwenye sherehe ya usiku, kwa furaha yake, nguo zake za heshima kabisa. Video ilizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, ikafika kwaya aliyokuwa akiimba. Hajarudi kuimba, na hajarudi kucheza. Aliyerekodi hata jina lake halijui. Nilipokuwa Berlin nilishangaa kuona Berghain, klabu iliyofunguliwa 2004, wanakubandikia stika juu ya kamera ya simu mlangoni kabla hujaingia. Mwanzoni niliona ni ukali usio na maana. Baada ya saa moja ndani nilielewa: nilikuwa sijaona watu wazima wakicheza kwa uhuru kiasi kile tangu sebuleni kwa mjomba. Hatuhitaji kusubiri klabu zetu zinunue stika.

Mengine madogo yanajulikana. Mazungumzo marefu yapelekeni kaunta. Sigara nje. Chupa ikivunjika simama kando ya vipande uite mhudumu, usipite tu, kuna watu wamevua viatu. Ukipita katikati ya watu, gusa bega kwa kiganja wazi, sema naomba nipite. Na ule msafara wa chupa zenye cheche unaopita katikati ya sakafu hadi kwenye meza ya mtu mwenye pesa, mimi ningeupitisha ukutani.

Masikio yako pia ni ya kutunzwa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2022 kwamba sauti kwenye kumbi isizidi wastani wa desibeli 100, na kuwe na sehemu tulivu ya kupumzika. Ukitoka klabu masikio yanalia hadi asubuhi, ulikuwa karibu mno na spika. Toka nje dakika kumi kila baada ya saa moja. Huko nje ndiko utakakowakuta waliozidiwa, na huenda wakahitaji maji.

Mtu anaweza kuniambia hayo yote ni ya klabu za kulipia, mtaani ni tofauti. Nimecheza singeli, ule muziki wa kasi wa mitaani Dar, huko Mburahati na Tandale, kabla na baada ya muziki huo kufika majukwaa ya Ulaya. Mapigo mia mbili kwa dakika na kwenda juu, DJ amekaa na kompyuta chini ya turubai, usawa mmoja na sisi, anamtazama MC na MC anatutazama. Katikati ni duara. Anayeingia ana zamu yake, anamwaga alichonacho, anatoka mwingine anaingia, na wote tunajua nani kaingia. Kigodoro, hizo sherehe za mtaani za usiku kucha, nacho kina mabaya yake. Nimewahi kuondoka mapema kwa sababu ya visu, na mikono ya ovyo iko huko pia, wala sitaki kukipamba. Lakini sijawahi kuona mtu akianguka kwenye duara lile na kukaa chini bila kunyanyuliwa ndani ya pigo nne.

Ma-DJ mnaosoma, nanyi mna sehemu yenu. Inueni macho kwenye kioo. Wekeni maiki chini. Acheni wimbo mmoja, mmoja tu kwa usiku, ufike mwisho wake. Na mkiona simu zote ziko juu, punguzeni taa za jukwaa muwashe kidogo za sakafuni. Binamu yangu alijaribu hilo mwezi uliopita bila kumtangazia mtu. Anasema ilichukua nyimbo mbili, simu zikaanza kushuka zenyewe, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi aliona sura.

Ijumaa nitakuwepo anakopiga, kuanzia saa nne. Ukimwona dada mfupi mwenye raba nyeupe anacheza robo ya nyuma, kaipa mgongo meza ya DJ, ndiye mimi. Sogea, nafasi ipo.