Maziwa mabichi: usiamini pua yako

Nimekamua ng'ombe miaka mingi, na swali ninaloulizwa sana na wateja ni hili: "Haya masafi?" Najibu kwamba ni masafi, lakini wakayachemshe. Wapo wanaonuna, kana kwamba nimewatukana ng'ombe wangu mwenyewe.

Tatizo letu ni kupima maziwa kwa pua. Yakinukia vizuri na hayajakatika, basi tunaona ni salama. Lakini bakteria wanaochachusha maziwa si lazima wawe ndio wanaotulaza kitandani. Bakteria wa magonjwa kama brusela, salmonela, listeria na E. koli aina kali iitwayo O157:H7 wanaweza kuwamo bila kubadilisha harufu, rangi wala ladha. Ng'ombe mwenye brusela huweza kuonekana mzima, dalili pekee ikawa kutupa mimba, huku vijidudu vikitoka kwenye maziwa yake.

Kiwele chenye afya hutoa maziwa yenye bakteria wachache sana. Wengi huingia baadaye, na njia yao kuu ni kinyesi. Kwa hiyo mimi huanza na mikono, sabuni hadi viwiko. Nafuta chuchu na kuzikausha, kila ng'ombe na kitambaa chake. Kitambaa kimoja kwa zizi zima husambaza ugonjwa tu. Michirizi ya kwanza naikamulia kwenye kikombe cheusi. Juu ya weusi ule, vibonge vidogo, majimaji au uzi wa damu huonekana papo hapo. Huo ni ugonjwa wa kiwele: ng'ombe huyo hukamuliwa mwisho, na maziwa yake hayaingii kwenye ndoo ya wengine. Akichomwa dawa za antibiotiki, siyauzi mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa ziishe, maana kuchemsha hakuondoi dawa hizo.

Madumu ya plastiki siyapendi. Mkono haufiki ndani, na mikwaruzo yake hugeuka maficho ya bakteria. Chombo cha chuma cha pua chenye mdomo mpana kinasafishika. Baada ya hapo ni kupoza haraka, hadi nyuzi 4 za Selsiasi hivi. Kwenye joto bakteria huweza kuongezeka maradufu kila nusu saa au hata chini ya hapo. Ila friji haiwaui, na listeria huendelea kukua humohumo taratibu.

Jitihada zote hizo hupunguza hatari tu. Kinachoua vijidudu hivi ni moto. Viwandani hutumia nyuzi 63 kwa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15. Nyumbani, usidanganywe na povu linalopanda ghafla: punguza moto, koroga, yaache yatokote dakika moja hivi. Kisha, tafadhali, usiyarudishe kwenye chombo kilekile ulichobebea mabichi! Naona watu wakifanya hivyo, wameharibu kazi yote. Kuhusu virutubisho, vitamini kadhaa hupungua, lakini protini na kalsiamu zinabaki.

Moto nao una mipaka. Maziwa yakishinda kwenye joto, bakteria aina ya stafilokoka huweza kuacha sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi. Kwa hiyo yaliyoshinda juani usiyaokoe, yamwage. Na ya kugandisha yachemshe kwanza, kwa sababu uchachu peke yake si kinga ya kutegemea.

Mjamzito, mtoto mdogo, mzee na mwenye kinga dhaifu wasiguse mabichi kabisa. Listeria inaweza kuharibu mimba, na O157:H7 inaweza kuziua figo za mtoto. Na kama una homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo, mwambie daktari umekunywa maziwa mabichi, hata kama yeye hajauliza. Homa ya brusela hufanana sana na malaria na taifodi, na usipomtajia maziwa huenda asifikirie kuipima.